Haitiki akiitwa, na maneno yamepotea

Dada, umesema mwanao wa miezi 20 haitiki ukimwita, ameacha kusema "mama" na "maji", na bibi yake anakwambia wavulana huchelewa. Nakuelewa. Wangu alikuwa hivyo hivyo, nami nikasubiri mwaka mzima. Sikupaswa.

Kuchelewa kusema peke yake si lazima kuwe usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kuhusiana na watu. Kinachonishtua ni hayo maneno yaliyopotea. Hilo halingoji, hata mtoto awe na umri gani. Wiki hii mtazame: anakuonyesha kitu kwa kidole ili tu nawe ukione? Wengi hufanya hivyo wakifika miezi 18. Anakutazama usoni mkicheza, au anazungusha gurudumu la kigari peke yake muda mrefu? Mrekodi kwa simu, maana mbele ya daktari watoto hubadilika.

Apimwe masikio, na aonwe na daktari wa watoto. Kwa kuwa uko Dar es Salaam, omba rufaa ya Muhimbili. Usonji hauletwi na chanjo, wala malezi yako, wala uchawi. Akipata degedege, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Mkisubiri miadi, zima televisheni, kaa naye sakafuni, mtajie kila anachoshika.