Nani Huhesabiwa Mwenyeji Barani Ulaya?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, barazani kwetu mwenzetu mmoja ameshikilia kwamba watu wa Ulaya Magharibi humkubali mgeni kuwa mwenzao akishapata uraia na kufuata sheria za nchi, ilhali wa Ulaya Mashariki hutazama damu na dini. Mzee mmoja amemkatalia katakata. Ni nani aliye na haki?
Msomaji, Majengo, Mombasa.

JIBU: Ndugu yangu, mzee wenu ameona mbali zaidi, ingawa hoja ya mwenzenu ina asili yake. Mwanahistoria Hans Kohn aliieneza mwaka 1944, lakini yeye alichunguza zaidi fikra za wasomi na viongozi. Wananchi wa kawaida walikuja kuulizwa baadaye, hasa tangu mwaka 1995, pale watafiti wa nchi nyingi walipoanza kutumia maswali yaleyale, na majibu ya wananchi hayakuufuata mpaka huo wa Magharibi na Mashariki.

Tuanze na dini. Kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza watu, kati ya mwaka 2015 na 2017, kama kuwa Mkristo ni muhimu ili mtu ahesabiwe mwenyeji halisi wa nchi yao. Ureno, iliyo ukingoni kabisa mwa magharibi, asilimia 62 walisema ni muhimu. Latvia, iliyopakana na Urusi, ni asilimia 11 tu. Hata hivyo Latvia haikuwa nchi ya milango wazi, kwani ilipopata tena uhuru mwaka 1991 iliwatambua kuwa raia wale waliokuwa raia kabla ya uvamizi wa Wasovieti wa mwaka 1940 pamoja na vizazi vyao, na mamia ya maelfu ya wakaazi, wengi wao wasemaji wa Kirusi, wakabaki bila uraia.

Mahali pa kuzaliwa, nakiri, pana tofauti kubwa: mwaka 2016 asilimia 52 ya watu wa Hungaria, iliyo upande wa mashariki, walisema kuzaliwa nchini ni jambo muhimu sana, na Uholanzi, iliyo magharibi, 16 tu. Lakini walipoulizwa kama kusema lugha ya nchi ni jambo muhimu sana, Hungaria walikuwa asilimia 81 na Uholanzi 84. Hapo ndipo ningependa msomaji atue kidogo, maana wengi huichukulia lugha kuwa sharti jepesi kwa sababu hujifunzwa. Tangu mwaka 2006, bibi harusi wa Kibokoni anayetaka kumfuata mumewe akaishi naye Uholanzi hutakiwa kwanza kufaulu mtihani wa Kiholanzi ubalozini, kabla hajakanyaga nchi hiyo. Kwa aliyesoma hadi chuo ni kazi ya miezi. Kwa mama ambaye hakupata nafasi ya shule, sharti hilo ni zito kama lile la damu, nami naona si haki kuliita sharti lililo wazi kwa kila mtu.

Damu yenyewe nayo haikuwa ya mashariki peke yake. Ujerumani ilitoa uraia kwa nasaba chini ya sheria ya mwaka 1913, na watoto wa vibarua wa Kituruki waliozaliwa Berlin walihesabiwa wageni hadi sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2000.

Tena, ndani ya nchi mojamoja, wazee huelekea kutilia mkazo mahali pa kuzaliwa kuliko vijana.