Kuondoa hifadhi ya obijekti katika kerneli: maelezo kwa wanagenzi wanaoanza kazi Kisumu

Kila kundi jipya la wanafunzi linapokuja kwetu hapa Kisumu kwa mafunzo ya kazini, wengi wakitoka Maseno na wengine Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, kazi ya kwanza ninayowapa si ya kuandika kitu kipya. Ninawapa nakala ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, toleo la 4.19, na kuwaomba waondoe ndani yake msimbo wote unaohusu vifaa vya hifadhi ya obijekti vya kiwango cha T10, kisha wanionyeshe viraka vyao, yaani mabadiliko yao ya msimbo, kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na watunzaji wa Linux wenyewe, kwa viraka vya Christoph Hellwig vilivyoingia katika toleo la 5.1 la Mei 2019, kwa hiyo mwanafunzi akimaliza anaweza kulinganisha njia yake na yao. Ninaandika hapa mambo ambayo nimekuwa nikiyarudia kwa mdomo kila mwaka, ili wanaokuja wayakute yamekwisha kuandikwa.

Kabla ya kufuta mstari hata mmoja, fahamuni msimbo huo ulikuwa na kazi gani na walioutunga walikuwa wakitafuta nini. Diski ya kawaida hupokea amri inayotaja namba ya bloku, na mfumo wa faili ndio unaokumbuka kwamba bloku hizi ni za faili hii na zile ni za faili ile. Watetezi wa hifadhi ya obijekti walitaka kuuhamisha mzigo huo: diski itajiwe obijekti gani (kifurushi cha data chenye kitambulisho chake) inahitajika na sehemu gani ndani yake, kisha yenyewe iamue data ikae wapi, na kila amri ibebe kibali kilichotiwa saini ambacho diski itakikagua kabla ya kutii. Wazo hilo lilikomaa katika miaka ya 1990 kwenye utafiti wa Garth Gibson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na kamati ya T10, ambayo ndiyo husimamia viwango vya SCSI, lugha ya amri ambazo kompyuta huzipa diski, ikalitolea kiwango rasmi mwaka 2004. Linux ilipokea maktaba ya amri hizo pamoja na mfumo wa faili uitwao exofs katika toleo la 2.6.30 la Juni 2009, ikiwa ni kazi iliyoanzia IBM na kuendelezwa na wahandisi wa Panasas, kampuni ambayo Gibson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Lakini diski zenyewe hazikuenea sokoni. Obijekti zilishinda kwa kupitia mlango mwingine: Amazon ilifungua huduma ya S3 mwaka 2006 ikitumia HTTP, na mifumo kama Ceph na Lustre ikajitengenezea itifaki zake, bila hata mmoja kati yao kuhitaji amri za T10. Nawasihi msiuite msimbo huu takataka. Niliusoma wote nilipokuwa ninaandaa zoezi hili, na ni msimbo uliopangwa kwa uangalifu na watu walioamini kwamba vifaa vingefuata. Unaondolewa kwa sababu kila anayebadilisha tabaka la SCSI au la bloku analazimika kuutunza, ilhali karibu hakuna mtu mwenye kifaa cha kuujaribia. Msimbo usiojaribiwa huoza kimyakimya, na anayeubeba hajui umeoza kiasi gani.

Sasa niwaeleze kosa nililolifanya mwenyewe, kwa sababu wengi wenu mtakaribia kulirudia. Katika ofisi niliyofanyia kazi zamani nilipewa jukumu la namna hiihii, nami nikaanza kwa kutafuta herufi tatu, osd, katika mti mzima wa kerneli, yaani saraka zote za msimbo wake. Herufi hizo zina koo tatu zisizohusiana. Ukoo wa kwanza ni ule wa T10, ulio katika drivers/scsi/osd na fs/exofs. Wa pili ni wa Ceph, wenye faili kama net/ceph/osd_client.c, ambamo osd ni programu ya Ceph inayotunza data kwenye seva. Wa tatu umo katika dreva za video chini ya drivers/media, ambamo osd ni maandishi na picha zinazowekwa juu ya kioo. Dreva za video nilizitambua, lakini faili la Ceph nilidhani ni mteja wa maktaba ninayoiondoa, yaani msimbo unaoitegemea, nikalifuta pamoja na mstari wake katika Makefile, faili linalotaja vitu vya kukompaili. Kerneli ilikompailika bila onyo lolote, kwa kuwa nilitumia usanidi (orodha ya sehemu zilizochaguliwa) wa kompyuta yangu ya mkononi, na katika usanidi huo Ceph haikuchaguliwa kabisa. Nilitangaza kwamba kazi imekamilika. Siku tatu baadaye mwenzangu alijaribu kukompaili kerneli ya seva zilizokuwa zikihifadhi data za wateja katika Ceph, na ikamshinda. Alipoteza siku nzima akidhani kosa ni lake. Bado linaniuma kwamba siku hiyo aliipoteza kwa sababu yangu.

Kwa hiyo, anzeni na jina la ishara ya usanidi wala si herufi. Tafuteni CONFIG_SCSI_OSD_INITIATOR na CONFIG_EXOFS_FS, tazameni ni faili zipi za Kconfig (zinazoorodhesha chaguo za usanidi) zinazozitaja, kisha someni kila faili linaloingiza vichwa, yaani faili za matamko, vya include/scsi/osd_initiator.h na ndugu zake. Mkishafuta, kompailini kwa usanidi wa allmodconfig, ambao huchagua karibu kila kitu kinachoweza kuwa moduli. Kwenye kompyuta ndogo kazi hiyo huchukua saa nyingi, na sote twaujua umeme wa huku, basi iacheni iende usiku kwenye seva ya mafunzo, ambayo ina betri ya akiba.

Jambo la pili ni mpangilio. Mpangaji wa mwisho ndiye anayehama kwanza, kisha paa huteremshwa, kisha kuta. Katika historia yenyewe, dreva ya pNFS (mfumo wa faili wa mtandao) iliyotumia obijekti iliondolewa katika toleo la 4.12 mwaka 2017, na baada ya hapo injini ya RAID ya obijekti, yaani ORE, inayotandaza data kwenye vifaa kadhaa, ikabaki na mteja mmoja tu, exofs. Anayeshika toleo la 4.19 aondoe basi exofs pamoja na ORE, afuate maktaba ya amri na dreva yake katika drivers/scsi/osd, halafu ndipo aguse tabaka za chini. Baada ya kila kiraka kerneli lazima ikompailike na kuwaka, kwa sababu atakayetumia git bisect, amri inayojaribu matoleo ya katikati, miaka miwili ijayo kusaka kosa jingine kabisa anaweza kuangukia katikati ya viraka vyenu, na hastahili kukuta hapo mti uliovunjika. ORE pia iliita moduli za hesabu ya XOR. Hizo msiziguse, kwani RAID 5 ya programu inazitumia kila siku.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile ya mwisho, nayo ndiyo wanafunzi wengi huiacha wakiamini wamemaliza wakishafuta saraka mbili. Amri ya kawaida ya SCSI hupeleka data au huleta data. Amri za T10 za obijekti zilihitaji kufanya yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa ombi la kuandika lingeweza kurudi na sifa za obijekti hiyohiyo. Ili kuzihudumia, tabaka la bloku lilipewa maombi ya pande mbili: ombi moja lilibeba kiungo cha ombi la pili, kinachoitwa next_rq, na kiungo hicho kilikaa ndani ya muundo wa kila ombi la kila diski, hata seva ambayo haijawahi kuona kifaa cha obijekti ikakilipia kwa kumbukumbu na kwa matawi ya ziada ya msimbo katika njia inayopitiwa mara nyingi mno kwa sekunde. Faida ya kweli ya kazi hii imelala hapo. Kufuta mfumo wa faili usiotumiwa kunapunguza saraka. Kukiondoa kiungo kile kunamfaa kila mtu.

Hata hivyo, mkijaribu kukiondoa moja kwa moja, kompaila itawasimamisha katika block/bsg-lib.c, sehemu ya bsg, mlango ambao programu hupitishia amri za moja kwa moja kwa vifaa. Yuko mteja mwingine: maombi ya SMP ya kusimamia vipanuzi vya SAS, vifaa vinavyounganisha diski nyingi katika seva, hupeleka ujumbe na kungoja jibu, na yaliazima mlango uleule wa pande mbili. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja alinijia akiwa amekata tamaa, akapendekeza tuyaondoe hayo pia. Nilimwambia hapana, kwa sababu vipanuzi hivyo vimo katika seva zinazofanya kazi leo. Watunzaji walilitatua kwa kumhamisha mteja huyo kwanza: ombi la pili likahifadhiwa ndani ya muundo wa bsg wenyewe, bila msaada wa tabaka la bloku, na baada ya hapo ndipo next_rq ikafutwa. Msome kiraka hicho polepole. Ni kifupi, na ninakipenda kuliko vile vinavyofuta maelfu ya mistari.

Kompaila haioni kila kitu. Haioni hati ya mtu inayotekeleza mount -t exofs, wala mstari katika fstab (orodha ya mifumo ya faili ya kufunguliwa kompyuta ikiwaka), wala programu inayofungua /dev/osd0. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ameshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba kerneli isivunje programu za watumiaji zilizokuwa zikifanya kazi, na kanuni hiyo haikomi kwa sababu msimbo ni mzee. Waulizeni waliotajwa katika MAINTAINERS, faili lenye majina ya watunzaji, wapeni muda wa kujibu, na mkiwa mnatunza kerneli ya ofisi yenu, nendeni mkazungumze na watu wa seva ana kwa ana. Mwenye data katika exofs alikuwa na mahali pa kusimama: toleo la 4.19, lililokuwa nayo bado, lilitunzwa hadi Desemba 2024.

Kinachobaki ni usafi: nyaraka katika Documentation, kipengele katika MAINTAINERS, vichwa visivyo na mwingizaji tena. Namba 260 ya kifaa, iliyoandikishwa kwa ajili ya obijekti za SCSI, msimpe mtu mwingine.

Katika ujumbe wa kila kiraka, andikeni kwanza kwa nini msimbo unaondoka, kisha mlihakikishaje kwamba hauna mteja, kwa kutaja amri za utafutaji mlizotumia na usanidi mliokompaili. Mstari wa pekee unaosema «ondoa msimbo wa zamani» nitaurudisha bila kusoma kilicho chini yake. Viraka viwe mezani kwangu Ijumaa kabla ya saa nane, tupate kuvisoma pamoja kwa sauti kabla wa Kakamega hawajaondoka kwenda stendi.