Gari ulilouziwa ni bovu? Acha simu, andika

Nusu ya barua za safari hii zinaanza vilevile: "Nilimpigia muuzaji akasema..." Nimeshalisema hapa mpaka midomo imekauka. Alichokisema kwenye simu hakipo. Haya, tuendelee.

Gari limeanza kuchemsha siku ya tatu tangu nilichukue. Fundi wangu anasema gasketi ya silinda hedi imeungua na kesho anafungua. Muuzaji anadai nimeliendesha vibaya. Nianzie wapi?

Anzia kwa fundi wako: mwambie aweke spana chini. Hedi (kifuniko cha juu cha injini, kinachozibwa na hiyo gasketi) ikishafunguliwa, muuzaji atasema huyohuyo ndiye aliyeiharibu, na hutakuwa na la kujibu. Kila mara ni hivyo, watu wanatengeneza leo na kudai kesho.

Injini ikiwa imepoa kabisa (rejeta ya moto itakubabua uso), fungua kifuniko cha oili uangalie upande wa ndani, huku simu inarekodi. Utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia kwenye oili. Gari la safari fupifupi nalo hufanya utando kidogo kwa unyevu, kwa hiyo chomoa na kijiti cha oili. Kikitoka na rangi ileile, si rahisi iwe unyevu tu. Kisha kuna kipimo cha dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta injini ikiwa inanguruma. Gesi ya silinda ikiwa inapenya kwenye maji, dawa hugeuka njano. Mtafute fundi ambaye si wako wala wa muuzaji, apime, aandike alichoona, tarehe na kilometa, atie saini.

Ndipo umwandikie muuzaji: ulinunua lini, tatizo lilianza lini, unataka nini (kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha) na mwisho wa kujibu ni siku gani. Ujumbe wa simu unatosha mradi usiufute. Wakati huo gari lipaki. Ukiendelea kuliendesha huku linachemsha hedi inapinda, na hapo yale madai kwamba umeliendesha vibaya yanaanza kuwa kweli.

Nilisaini karatasi inayosema gari limeuzwa "kama lilivyo". Ndiyo basi tena?

Itakubana, lakini maneno hayo hayampi mtu ruhusa ya kudanganya. Tangazo likisema "halijawahi kugongwa", halafu ukaguzi ukakuta chasisi imenyooshwa na kuchomelewa, unacholalamikia ni uongo, na sheria za nchi nyingi huutenganisha uongo na ubovu. Swali ni kama una nakala ya tangazo lenyewe, maana matangazo hufutwa siku gari linapouzwa. Sheria ya kwenu ina siku zake za kudai. Muulize mwanasheria au ofisi ya kutetea walaji, si wazee wa kijiweni.

Mke wangu hapendi rangi. Naweza kulirudisha?

Hapana.

Nilipolijaribu hakukuwa na taa yoyote kwenye dashibodi. Siku mbili baadaye taa ya injini ikawaka. Muuzaji anasema ni bahati mbaya.

Bahati mbaya yenye ratiba. Mtu akichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari na kufuta kodi za hitilafu (namba za ubovu ambazo kompyuta hiyo huhifadhi), taa huzima, lakini ubovu unabaki palepale. Kompyuta ya gari huanza upya kujipima sehemu mojamoja, na vipimo hivyo huhitaji kuendeshwa kwa muda, mara nyingi siku kadhaa. Kikikamilika kipimo cha sehemu mbovu, taa inarudi. Wewe tayari uko nyumbani na hati mkononi.

Sasa nisikilize vizuri: fundi wako asifute chochote. Mafundi wana mkono mwepesi mno kwa kitufe hicho. Mwambie asome mambo mawili na kuyapiga picha: vipimo ambavyo bado havijakamilika, na kilometa zilizotembewa tangu kodi zifutwe. Magari mengi huihesabu namba hiyo. Ikisoma 90 na wewe tangu ulichukue umetembea 70, zile 20 zilitembewa gari likiwa kwa nani?

Na wengine ambao hamjanunua: fungulia swichi bila kuwasha injini. Taa za injini, oili na eabegi (mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali) lazima ziwake; ya eabegi huzima yenyewe baada ya muda mfupi, za injini na oili kwa kawaida huzima ukishawasha injini. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima. Mimi nililizwa na gari ambalo taa yake ya eabegi ilikuwa imezibwa kwa kipande cha utepe mweusi, kimekatwa vizuri kabisa, kwa mkasi. Aliyekikata alikuwa na muda wake.

Gari linasoma kilometa 64,000 lakini raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma kinaonekana. Nina kesi?

Una tetesi. Pedali haina tarehe. Tafuta maandishi: stika ya kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango, rekodi za huduma, au ile stika wanayobandika karibu na injini wakibadilisha mkanda wa taimingi. Stika moja iliyoandikwa 118,000 itamnyamazisha muuzaji kuliko pedali kumi. Baadhi ya magari huhifadhi kilometa kwenye kompyuta nyingine pia, na wanaorudisha nyuma odomita (mita ya kilometa) mara nyingi husahau huko. Fundi wa umeme wa magari anaweza kuchungulia.

Giaboksi inateleza. Muuzaji ameitengeneza mara tatu, na kila mara nikitoka inakaa sawa wiki mbili halafu inarudia.

Anamimina dawa ya chupa, au anaongeza oili nzito, na anakuvuta. Siku za dhamana zinakwisha wewe ukiwa kwenye foleni ya gereji yake. Usimpe tena funguo bila karatasi yenye tarehe, kilometa na tatizo lenyewe, na siku ya kulichukua akuonyeshe kifaa kilichotolewa. Kama hakuna kifaa kilichotolewa, hakuna kilichotengenezwa. Mwandikie pia kwamba hii ni mara ya mwisho, ikirudia unataka fedha zako.

Nimweke mtandaoni?

Eleza yaliyotokea na tarehe zake. Neno "mwizi" liache, usije ukageuka mshtakiwa.

Nilimlipa dalali fedha taslimu, hakunipa risiti, sasa simu yake haipatikani.

Barua ya namna hii naipata kila mara na kila mara naudhika. Dalali si muuzaji. Angalia jina lililo kwenye hati, linganisha namba ya chasisi, zile tarakimu na herufi zake zote, na iliyogongwa kwenye gari, kisha mfuate mwenye jina. Namba zisipolingana, liache gari lilipo uende polisi leo.

Fundi aliyelikagua kabla sijanunua aliletwa na muuzaji, na nilimlipa mimi. Naweza kumdai yeye?

Jaribu, ukianza na karatasi ya ukaguzi aliyokupa. Kama alikwambia tu kwa mdomo kwamba "injini iko freshi", rudi juu ukasome aya ya kwanza.