Kabla hujapanda misonobari kwa kutegemea kiwanda cha karatasi

Kila mwaka mvua za Novemba zikikaribia, napigiwa simu na watu wanaotaka kununua mashamba Mufindi, Kilolo au Njombe, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ili wapande miti. Wengi wana hoja moja: kiwanda cha karatasi kipo Mgololo, karatasi inahitajika kila siku, kwa hiyo soko haliwezi kukosekana. Hoja hiyo ndiyo niliyokuwa nayo Desemba 2006, nilipopanda ekari nane za misonobari huko Kilolo kwa akiba ya miaka sita ya mshahara wa ualimu. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu ambaye bado hajatoa fedha yake.

Nilichokiona mimi wakati ule kilikuwa upande mmoja tu wa soko. Kiwanda cha Mgololo kilianza kuzalisha mwaka 1985 kikiwa shirika la umma, Southern Paper Mills, na kilijengwa kwa uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Baadaye kilisimama, na mwaka 2004 kikaingia mikononi mwa mwekezaji binafsi, kikaitwa Mufindi Paper Mills. Habari za kufufuka kwake zilitufikia hadi vijijini. Nikajiambia: kiwanda kikubwa kimeamka, kina njaa, nami nitakilisha.

Sikuuliza kimekuwa kikila wapi. Shamba la miti la serikali la Sao Hill, huko Mufindi, lilianza kwa majaribio mwaka 1939, na katika miaka ya 1970 lilipanuliwa sana, lengo kubwa likiwa kukilisha kiwanda hicho hicho. Fanya hesabu hii nami, maana nilichelewa miaka kumi kuifanya. Tani moja ya rojo la kraft, yaani mbao iliyopikwa kwa kemikali ili kutengeneza karatasi ngumu, hula karibu meta za ujazo tano za msonobari, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa ubao mkavu huyeyuka kwenye mapipa ya kupikia na kubaki maji meusi. Kiwanda kikifanya kazi kwa uwezo wake wote kitahitaji kama meta za ujazo 300,000 kwa mwaka. Hekta moja iliyotunzwa vizuri, miti ikifika miaka 18 hivi, inaweza kutoa meta za ujazo 300. Kwa hiyo ni hekta kama elfu moja kwa mwaka, na ukitaka mzunguko usikatike unahitaji hekta 18,000 hivi. Sao Hill ina eneo lililopandwa linalozidi hilo zaidi ya mara mbili. Ndiyo, msitu huo unagawiwa pia wavunaji wa mbao na wa nguzo, lakini ujumbe uko wazi: mnunuzi mkubwa wa miti ya karatasi nchini ni mmoja, na malighafi yake kuu inatoka msitu wa serikali kwa mpango wa uvunaji. Mti wangu na wako ni nyongeza. Mnunuzi mmoja mwenye ghala lake hapandishi bei kwa sababu wewe una ada za shule za kulipa Januari.

Upande wa mahitaji nao una mambo yake. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, vijana wengi walinipongeza: "Mwalimu, sasa karatasi italipa." Nenda sokoni Iringa uangalie watu wamebeba nini. Mingi ni ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, nayo haitokani na mti. Rimu nyingi za karatasi nyeupe maofisini na shuleni zinatoka nje ya nchi. Mgololo inajulikana kwa karatasi ya kahawia, ile ngumu ya kraft ya kutengenezea magunia na maboksi. Hapo ndipo msonobari una heshima yake, kwa sababu nyuzi zake ni ndefu, kama milimita tatu, wakati za mkaratusi ni kama milimita moja. Urefu huo ndio unaolifanya gunia la karatasi lisipasuke kwa urahisi. Lakini maboksi ya kawaida yanaweza kutengenezwa kwa maboksi ya zamani, yale yanayookotwa na vijana wa mikokoteni Kariakoo, ingawa nyuzi hufupika kila zinaporudiwa. Kwa hiyo mti wako unashindana na mkokoteni wa Dar es Salaam, na huo mkokoteni haungoji miaka 18.

Sasa niseme la lori, kwa maana hapo ndipo nilipoumia zaidi. Shamba langu liko Kilolo. Kutoka Iringa mjini hadi Mafinga ni kilomita 80 hivi, na kutoka Mafinga kwenda Mgololo ni nyingine kama hizo, na bado hujahesabu njia ya shambani kutoka huko mlimani. Mwaka 2017, miti ikiwa na miaka kumi na kidogo, nilimleta dalali. Alizunguka na tepu, akapima vifua vya miti kama ishirini, yaani unene wa shina usawa wa kifua cha mtu, kisha akakaa juu ya kisiki akaandika kwenye daftari. Aliponionyesha, katika kila shilingi kumi za gogo likiwa getini kwa mnunuzi, zaidi ya sita zilikuwa za lori, mafuta, wapakiaji na ushuru. Ukitoa wakataji na ukarabati wa njia, nilibaki na kitu kisichofika hata gharama ya palizi ya miaka mitatu ya kwanza. Mti wa karatasi ni bidhaa nzito ya bei ndogo. Ubao unaweza kusafiri hadi Dar ukalipa. Gogo la karatasi likivuka kilomita mia, linaanza kumlipa mwenye lori peke yake. Na likikaa limekatwa wiki kadhaa linapungua maji, na ukiuza kwa uzito umepungukiwa wewe.

Kwenye kisiki kile kile niligundua kosa la pili. Nilipanda kwa nafasi ya meta mbili kwa mbili, karibu miti elfu moja kwa ekari, nikaacha kupunguzia, yaani kuondoa baadhi ya miti ili inayobaki inenepe, kwa kuwa niliambiwa karatasi haichagui unene. Nikawa na msitu mzuri wa kutazama kutoka barabarani, na ndani yake miti myembamba kama mapau ya nyumba. Jirani yangu, mzee aliyepanda mwaka mmoja kabla yangu, alikuwa amepanda tatu kwa tatu, akapogoa matawi, na mwaka wa tisa akaondoa karibu nusu ya miti. Nilimwona akiikata nikamhurumia. Kumbe ile aliyoiondoa aliiuza kwa fito na kuni za kukaushia chai, na iliyobaki ikanenepa.

Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu yake ya umma, na zuio hilo halikuondolewa hadi 2023. Wanunuzi wa mbao kutoka huko walifika Mafinga kwa wingi. Mzee alichana mbao, akauza. Nilipokwenda kumwamkia, "Kamwene, baba," akanishika mkono akanipeleka kwenye rundo la mbao zake za inchi mbili kwa sita. "Mwanangu," akasema, "karatasi mpe matawi na ncha. Shina ni la mbao." Kwa maoni yangu huo ndio mpango wote wa biashara ya miti katika nyanda zetu. Panda kwa ajili ya mbao. Miti ya kupunguzia, ncha, na magogo yaliyopinda, hayo ndiyo uyapeleke kwenye karatasi, na hapo tu kama uko karibu.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nami nakuambia: moto unaharibu soko la karatasi hata pale ambapo haujaua mti. Oktoba 2015 moto wa kusafishia shamba la mahindi ulivuka ukaingia pembeni mwa shamba langu. Miti ya ekari moja na nusu iliungua magome, lakini ikaendelea kuishi, nami nikashukuru Mungu. Yule dalali alipofika kwenye ile miti alikwangua gome kwa ncha ya panga, akanionyesha kidole kilichokuwa cheusi, akaiondoa yote kwenye hesabu. Mkaa hauyeyuki katika kupikwa. Chembe zake hupita hadi kwenye karatasi na kubaki madoa. Kwa hiyo fyeka barabara ya moto, ule ukanda mtupu wa kuuzuia moto usivuke, mwezi Juni, upana wa meta kumi, usingoje Septemba ambapo kila mtu anachoma.

Na ukikuta miti yako ni myembamba kama ilivyokuwa yangu, usikimbilie kuikata yote kwa hasira. Viwanda vya plaiwudi vilivyosambaa Mafinga na Njombe hununua magogo madogo, nao wako karibu zaidi na wengi wetu kuliko Mgololo. Mwaka 2019 niliwauzia ekari tano na kurudisha sehemu ya fedha yangu. Ekari tatu nilizibakiza, nikapunguzia kwa kuchelewa, na ingawa wataalamu wa misitu waliniambia mti uliobanwa miaka kumi haufidii wote, vifua vyake vimeongezeka.

Anayenipigia simu sasa namwomba aniletee mambo matatu kabla hatujazungumza bei ya ekari: kilomita kutoka shambani hadi kwa wanunuzi watatu tofauti, hali ya njia mwezi Machi ikiwa imelowa, na majina ya majirani wanaoweza kuvuna naye mwaka mmoja ili wajaze malori pamoja. Wengi hawarudi kunipigia. Kijana mmoja wa Igowole alirudi akiwa na daftari lenye vyote vitatu, na Desemba iliyopita tulipima kamba pamoja, meta tatu kwa tatu, miche 450 kwa ekari.