Vamp kwenye Python na kanda za taarabu za mjomba

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una faili za wav zaidi ya mia mbili za nyimbo za harusi, unataka Python ikutolee lahani ya mwimbaji na mapigo, umeshaweka moduli ya vamp (inayoiwezesha Python kutumia plagini, yaani programu ndogo, za kuchambua sauti), lakini ukiita vamp.list_plugins kinachorudi ni mabano matupu. Hali hiyo naijua. Mimi ilinikalia siku tatu mwaka 2019, nilipoanza kushughulikia kaseti alizoacha mjomba wangu Tanga, arobaini na kitu, karibu zote taarabu, nyingi zilirekodiwa uani harusi ikiendelea. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu orodha tupu ndiyo shida ndogo kuliko zote zinazokusubiri.

Moduli uliyoiweka kwa pip (kisakinishi cha Python) haina plagini hata moja ndani yake. Yenyewe ni mwenyeji tu: inazitafuta plagini, inazilisha sauti, inapokea majibu. Plagini unazipakua mwenyewe kwa watengenezaji wake na kuziweka kwenye folda maalumu. Kwenye Linux ni /usr/local/lib/vamp, au folda iitwayo vamp kwenye folda yako ya nyumbani. Kwenye Windows ni folda ya Vamp Plugins iliyo ndani ya Program Files. Ukitaka kuziweka kwingine, andika njia yake kwenye VAMP_PATH, ila ukishafanya hivyo zile folda za kawaida haziangaliwi tena.

Kama faili zipo mahali pake na orodha bado ni tupu, angalia biti. Python ya biti 64 haiwezi kufungua plagini ya biti 32, inairuka tu na haiiweki kwenye orodha. Hilo ndilo lililonila siku tatu zote. Mac mpya zina ugonjwa uleule: Python iliyojengwa kwa prosesa ya Apple haipakii plagini ya Intel.

Kingine, usichanganye hizi na plagini za studio kama VST. Vamp haibadilishi sauti hata kidogo. Inasikiliza na kukupa namba. Ilitengenezwa Queen Mary, Chuo Kikuu cha London, palepale ilipotoka programu ya Sonic Visualiser, na ndiyo maana plagini zao zinaanza na herufi qm.

Sasa kuchagua. Kwa lahani kuna mbili zinazotajwa sana. pYIN, ya Matthias Mauch na Simon Dixon, ni nzuri mno kama kwenye rekodi kuna sauti moja tu: mtu anaimba peke yake, au filimbi ya nai peke yake. Melodia, aliyoitengeneza Justin Salamon alipokuwa Barcelona, ni kwa ajili ya kumtoa mwimbaji katikati ya vyombo. Harusi yenye akodiani, fidla, gita la besi na dumbaki ni kazi ya Melodia. pYIN pale inapotea kabisa, nimejaribu. Melodia ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, kwa hiyo kama unajenga kitu cha kuuza, soma leseni yake mapema.

Kuiita ni rahisi:

import vamp, soundfile
sauti, kasi = soundfile.read("kanda07.wav")
tokeo = vamp.collect(sauti.T, kasi, "mtg-melodia:melodia")

Hiyo T ni muhimu. soundfile inapanga sampuli kwa mistari na chaneli kwa safu wima, vamp inataka kinyume chake. Kwenye tokeo utakuta neno vector, ndani yake kuna hatua ya muda na safu ndefu ya namba za kimo cha sauti kwa Hz, moja kwa kila sampuli 128, yaani kila milisekunde 2.9 faili ikiwa ya sampuli 44,100 kwa sekunde. Namba ya kwanza haiko kwenye sifuri, iko kama milisekunde 23 mbele. Na zile namba hasi si kosa: Melodia inakwambia "hapa naona hakuna mtu anayeimba, lakini kama yupo, nakisia ni hapa". Ziondoe kabla ya kupiga wastani wowote.

Hapa nilipotea vibaya, nisikilize vizuri. Wimbo wa kwanza niliopima ni wa mama mmoja mwenye sauti nzito. Majibu yakasema anapanda mpaka karibu Hz 900. Nikafurahi, nikaandika kwenye daftari. Baada ya wiki nzima ndipo nilipoona kwamba wimbo wa dakika sita, kwenye mchoro wangu, unaisha dakika ya tatu. Sababu: wakati ule nilikuwa nafungua faili kwa librosa (maktaba nyingine ya sauti ya Python), na librosa usipoiambia neno inaibadilisha sauti yako iwe ya sampuli 22,050 kwa sekunde. Mimi kwenye vamp.collect nikaandika 44100 kwa mkono, kwa mazoea. Plagini ikaamini. Kila kimo kikapanda oktavu nzima, muda ukagawanyika kwa mbili, na hakuna onyo hata moja lililotokea. Mama wa watu alikuwa anaishia Hz 450. Kwa hiyo ukitumia librosa andika sr=None, na ile namba ya kasi usiiandike kamwe kwa kidole, pitisha ileile uliyopewa na kifungua faili.

Tangu siku ile siamini mchoro peke yake. Ninachofanya ni hiki: nachukua kimo alichonipa Melodia, natengeneza kwa numpy (maktaba ya hesabu ya Python) mluzi unaokifuata, kisha naandika faili mpya ya chaneli mbili, wimbo wenyewe kushoto, mluzi kulia. Navaa hedifoni. Mwimbaji yuko sikio hili, mluzi sikio lile, na pale wanapoachana unapasikia papo hapo. Kwenye kanda ya saba mluzi ulimfuata mama vizuri ubeti mzima, kisha alipovuta pumzi ukaruka kwenye fidla na kukaa huko mpaka kiitikio. Ukisikia hivyo, shusha kigezo cha voicing (uvumilivu wa Melodia katika kuhesabu kwamba mtu anaimba) au bana masafa. Melodia kwa kawaida inatafuta kati ya Hz 55 na 1,760, na hakuna mwanadamu wa harusini anayehitaji nafasi yote hiyo. Mimi kwa waimbaji wa kike naanzia 130, na hapo mngurumo mwingi wa umeme pia unaachwa nje.

Huo mngurumo wenyewe usiudharau, una faida. Kama rekodi zako ni za kaseti, redio iliyorekodi huenda ilikuwa inakwenda taratibu au haraka kuliko inavyopaswa. Umeme wetu ni wa Hz 50. Chukua sekunde kumi za mahali ambapo watu wamenyamaza, pima masafa ya chini, na mara nyingi utaona mistari miwili: mmoja kwenye 50 kamili, huo ni wa deki yako wakati wa kunakili, na mwingine pembeni, huo umetoka kwenye spika za siku ile ya harusi. Kwangu wa pili ulikuwa kwenye 51.5. Hiyo ni asilimia 3 zaidi, na asilimia 3 kwenye kimo ni kama senti 51 (senti moja ni sehemu ya mia ya nusu toni), yaani robo toni. Kama harusi iliendeshwa na jenereta, sahau njia hii, jenereta huyumba.

Na robo toni kwenye taarabu si kitu cha kupuuza. Hapa ndipo ningependa uwe makini kuliko kote. Umeuliza pia kuhusu Chordino ili upate kodi (chords, yaani noti zinazopigwa pamoja). Ni plagini nzuri, lakini inazijua noti kumi na mbili za piano tu. Nilipoipa wimbo mmoja wa mjomba, kiitikio kilekile kikaandikwa C mara ya kwanza na Cm mara ya pili. Nikadhani ni kelele za watu. Nikarudi kwa Melodia, nikageuza vimo vyote kuwa senti kuanzia noti ya nyumbani ya wimbo (logi ya msingi wa 2 mara 1,200), nikachora histogramu. Noti ya tatu haikuwa kwenye 400 wala 300. Kilima chake kilisimama karibu na 350, chembamba, hakina wasiwasi. Ndivyo inavyokuwa kwenye maqam (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) ya Rast, na waimbaji wetu waliirithi hiyo pamoja na ala za udi na kanuni. Chordino ililazimishwa kuchagua kati ya majibu mawili yasiyo sahihi, ikachagua lolote. Mtu angechukua zile kodi akaziweka kwenye hifadhidata, angekuwa ameandika kwamba mama yule anaimba nje ya noti. Mama hakuwa nje. Pima kutoka noti ya nyumbani, si kutoka noti A ya Hz 440, na hapo hata kasi ya kanda ikiwa na hitilafu isiyobadilika, umbali kati ya noti hauharibiki.

Mapigo: tumia qm-vamp-plugins:qm-tempotracker. Mara nyingine itakupa mwendo mara mbili ya halisi. Gonga meza ukisikiliza, utajua.

Mwisho, usilishe upande mzima wa kaseti kwa mkupuo. Dakika 30 za stereo, jinsi soundfile inavyozisoma, ni zaidi ya GB 1.2 za kumbukumbu kabla plagini haijaanza kazi, na Melodia haitoi chochote mpaka ifike mwisho wa faili. Kata wimbo mmoja mmoja. Vigezo vikishakaa sawa kwenye nyimbo tatu nne ulizozisikiliza kwa masikio mawili, zile mia mbili ipe programu ya Sonic Annotator, inatumia plagini zilezile na inaandika majibu kwenye faili za csv bila wewe kuandika programu, usiku kucha ukiwa umelala.

Ukikwama, weka hapa jina kamili la plagini, aina ya kompyuta na biti za Python yako, nitaangalia jioni.