Cheti cha tovuti hakisubiri mvua za masika ziishe

Hoteli nyingi za Nungwi, Paje na Jambiani hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa Aprili na Mei, na tovuti huachwa ijiendeshe. Cheti cha usalama (cha https) cha Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti hivyo bure, kinaishi siku 90. Kilichotolewa mwanzoni mwa Februari kinakufa mwanzoni mwa Mei, wakati hata mlinzi haangalii barua pepe, na mgeni anayetafuta chumba cha Julai anakutana na onyo la kivinjari. Kuomba cheti ni kazi ya dakika chache. Shughuli yenyewe ni kuhakikisha kinajihuisha hata pasipokuwa na mtu ofisini.

La pesa tulimalize mapema. Cheti cha bure kinasimba mawasiliano sawasawa na cha kulipia. Vile vya bei kubwa vilivyokuwa vikionyesha jina la kampuni pembeni mwa anwani vimepoteza faida hiyo tangu 2019, Chrome na Firefox zilipoliondoa jina pale. Nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe au skuli ya Chake Chake haina sababu ya kununua. Pesa hiyo ilipie domeini (jina la tovuti), maana domeini ikisimamishwa kwa kutolipiwa, cheti nacho hakihuishiki.

Kama tovuti iko kwenye hosti ya kulipia (kampuni inayokutunzia tovuti) yenye cPanel, paneli ya kuiendesha, ingia sehemu ya "SSL/TLS Status", chagua majina yako, bonyeza "Run AutoSSL". Hakikisha yamo yote: lenye www, lisilo na www, na la barua pepe. Baada ya hapo mfumo hujihuisha wenyewe, alimradi domeini bado inaelekea kwenye seva hiyo. Hosti inayokutoza kwa kila cheti na kukukatalia cha bure, ihame.

Kwenye seva unayoiendesha mwenyewe, kwa Nginx (programu inayotoa kurasa za tovuti) na Certbot (programu inayoomba na kuhuisha vyeti), amri ni hii:

certbot certonly --webroot -w /var/www/mfano -d mfano.co.tz -d www.mfano.co.tz --deploy-hook "systemctl reload nginx"

Kipande cha mwisho ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Certbot huleta cheti kipya na kukiweka kwenye diski, lakini Nginx inaendelea kutoa cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu yake mpaka iambiwe isome upya. Dalili yake: "certbot certificates" inasema zimebaki siku 60 hivi, kivinjari kinasema kinakwisha kesho.

Ndani ya Nginx elekeza kwenye fullchain.pem (cheti chako pamoja na cheti cha kati kinachokiunganisha na mtoaji), usielekeze kwenye cert.pem. Ukikosea hapo, kompyuta yako huenda ikafungua vizuri kwa sababu kivinjari kimeshahifadhi cheti cha kati kutoka tovuti nyingine, huku simu za wageni na mfumo wa malipo wa kadi vinakataa. Watu hupoteza siku nzima wakilaumu mtandao.

Kisha fanya jaribio: certbot renew --dry-run. Hili linakwenda kwenye seva ya majaribio, halikuli nafasi zako. Nafasi halisi zina kikomo: cheti chenye majina yale yale hutolewa mara 5 tu kwa siku 7, na ukaguzi wa kwamba domeini ni yako ukifeli mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja, unasubiri. Kwa hiyo ikifeli usirudie amri kwa hasira. Soma ujumbe kwanza.

Mara nyingi kosa liko kwenye njia ya ukaguzi. Let's Encrypt inakuja kupitia porti 80 (mlango wa http) kutafuta faili ndani ya /.well-known/acme-challenge/. Ukifunga porti 80 kwa kudhani 443 (mlango wa https) inatosha, umefunga mlango wa mkaguzi. Kuielekeza 80 kwenda 443 hakuna tatizo. Kosa jingine ni rekodi ya AAAA (anwani ya IPv6 ya domeini) iliyoachwa ikielekea seva ya zamani baada ya kuhama hosti: wewe umebadilisha A (ya IPv4), mkaguzi anapendelea IPv6, anakwenda kusikokuwa na kitu. Tena wapo wanaozuia nchi zote isipokuwa Tanzania ili kukwepa wadukuzi. Mkaguzi hutazama kutoka sehemu kadhaa za dunia, naye anazuiwa pamoja nao. Na kwa hoteli, kuzuia nchi za nje ni kuwafukuza wageni wenyewe.

Ukitaka cheti kimoja cha *.mfano.co.tz, ukaguzi ni kwa DNS tu (mfumo unaohifadhi rekodi za domeini), kwa rekodi ya TXT iitwayo _acme-challenge. Kinafunika booking.mfano.co.tz ila hakifuniki mfano.co.tz tupu, liongeze. Kama DNS yako haina njia ya programu kuandika rekodi yenyewe, kiache cheti hiki, kwani utakuwa unahuisha kwa mkono kila mara.

Na mkono utachoka. Tangu Machi 15, 2026 kikomo cha cheti chochote cha umma ni siku 200, Machi 15, 2027 kitakuwa 100, na Machi 15, 2029 kitashuka hadi 47. Let's Encrypt nayo iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha Juni 2025, hivyo weka kengele yako. Amri hii, ikiendeshwa na cron (kipanga ratiba cha Linux) kila siku kutoka mashine nyingine, inakwambia kama zimebaki chini ya siku 14:

openssl s_client -connect mfano.co.tz:443 -servername mfano.co.tz </dev/null | openssl x509 -noout -checkend 1209600

Certbot huhuisha vyeti vya siku 90 zikibaki 30, kwa hiyo kengele hiyo ikilia ujue wiki mbili za majaribio zimeshafeli. Ujumbe uende kwa watu wawili, mmoja wao asiyekwenda likizo ya masika. Saa ya kwisha huandikwa kwa GMT: 23:59 ya pale ni saa nane na dakika 59 za usiku kwetu, siku ya pili yake.

Mapokezi wakilalamika kwamba kila tovuti ina cheti kibovu, usiguse seva. Umeme umekatika, betri ndogo ya kompyuta imekufa, tarehe imerudi nyuma miaka, kwa hiyo kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. Rekebisha saa, nunua betri ya CR2032.