Kikombe cha Mama na Mizani Yangu

Nyumbani kwetu biskuti zilipimwa kwa kikombe kimoja tu, cha bati, chenye ukingo wa bluu na mkono uliobanduka rangi. Mama alikuwa akikijaza unga, anakigonga mara mbili mezani, halafu ananikabidhi nimimine mwenyewe kwenye bakuli. Nilikuwa na miaka sita. Dada yangu alipewa siagi, sukari na mwiko. Kaka aliketi kwenye kigoda mbele ya oveni, na kazi yake ilikuwa kutuita zikiiva.

Nilipoanza kuoka kwangu, nikiwa mtu mzima, nilidhani naijua kazi yote. Unga vikombe vitatu, sukari nusu kikombe na kidogo, siagi, chumvi kwa ncha za vidole. Zilitoka kavu na ngumu. Nikarudia mara nne, zikawa vilevile. Nikampigia Mama simu, akaniambia, "Weka unga unaotosha, mwanangu." Hakuwa ananificha kitu. Mikono yake ndiyo iliyojua, na mikono haizungumzi kwenye simu.

Aliyeniokoa ni dada. Nilimwuliza alikuwa akipiga siagi na sukari kwa muda gani, akajibu papo hapo: "Mpaka iwe nyeupe. Mkono ulikuwa unaniuma, Mama anasema bado." Mimi nilikuwa nachanganya tu mpaka sukari ipotee. Kumbe pale ndipo hewa inapoingia, na hewa hiyo ndiyo inayoifanya biskuti imeguke mdomoni. Kaka naye akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua: hakuwa akitazama rangi wala saa. Alikuwa akinusa. Harufu ya siagi ikijaa chumba, ndipo anaita. Sote watatu tulikuwa jikoni siku zilezile, lakini kila mmoja alibaki na kipande alichokishika kwa mikono yake. Mimi nilibaki na unga peke yake.

Kwa hiyo kama unatafuta biskuti za utotoni kwenu, anza kwa kuwauliza ndugu zako, na uwaulize walichofanya, si walichokula. Na kama aliyekufundisha bado yupo, nenda kwake na mizani. Usimwombe akuandikie vipimo. Mwache aoke kama siku zote, bakuli likiwa juu ya mizani, nawe uandike namba kila anapomimina. Mama aliudhika kidogo kila niliposema "subiri, Mama", lakini tulifika mwisho: unga gramu 310, siagi 205, sukari 100.

Nilizitazama namba zile kwa muda mrefu. Ni tatu, mbili, moja. Ndio uwiano wa biskuti za siagi ambazo Waskoti wamezioka tangu zamani, na Mama hajausoma popote. Aliupokea kwa mama yake, kikombe kwa kikombe. Ukiushika huo huhitaji karatasi: gramu 300 za unga, 200 za siagi, 100 za sukari. Pima kwa uzito, tafadhali. Kikombe cha kawaida kinachobeba gramu 125 hivi za unga hubeba gramu 200 za sukari, na unga wenyewe hubadilika sana ukiushindilia kwa kijiko. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la pili.

Mizani haikuonyesha kila kitu. Mama aliibonyeza siagi kwa kidole kabla ya kuanza: kidole kizame, lakini siagi isiwe inang'aa. Ikianza kung'aa imekwisha kulainika mno, na biskuti zitatandaa kwenye trei. Unga ulipoingia, aliuchanganya kwa muda mfupi sana, mpaka ushikane tu. Ukiukanda sana, gluteni ya ngano hujijenga na kuvuta, na biskuti inakuwa ngumu. Kisha donge likafunikwa na kukaa kwenye friji nusu saa. Wengi huiruka hatua hii wakiwa na haraka, nami niliiruka kwa miaka. Siagi iliyopoa huchelewa kuyeyuka, hivyo biskuti hubaki na umbo uliolikata.

Oveni iwe nyuzi 170, kwa dakika 12 hadi 15. Zitoe ukingo ukiwa wa dhahabu na katikati kungali laini. Zitaonekana mbichi. Ziache papo hapo dakika tano, kwa sababu trei ya moto huendelea kuzipika na zenyewe hukaza zikipoa. Ukisubiri zikauke ndani ya oveni, umechelewa.

Ukioka na watoto, usimpe mtoto kazi ya kutazama tu, wala usimnyang'anye mwiko akienda polepole. Mpe kazi moja iliyo yake mwanzo hadi mwisho, na umwachie hiyohiyo kwa wiki kadhaa kabla ya kubadilishana na mwenzake. Unga utamwagika. Biskuti za unene usiolingana zitaiva kwa nyakati tofauti, basi panga nyembamba kwenye trei yake. Kwangu, binti yangu ndiye mwenye mizani, na mdogo wake ameketi mbele ya oveni akinusa.

Kikombe Mama amenipa mwaka huu. Siku ya kwanza binti yangu alikijaza unga, nikamwonyesha kukigonga mara mbili mezani, akaumimina kwenye bakuli na kunisomea namba: gramu 103.